Jinsi ya kulisoma Azimio la Arusha ukaiona falsafa iliyo chini yake (usilikariri, libishie)

Wengi wetu Azimio la Arusha, lile tamko la 1967 la chama tawala TANU kuhusu Ujamaa na Kujitegemea, tulikutana nalo kwenye Uraia au kwenye GS (General Studies), tukakariri kwamba ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, tukajaza kwenye mtihani, tukapata maksi zetu, biashara ikaishia hapo. Mtu huyohuyo ukimuuliza leo hivi wale wazee waliokaa Arusha walikuwa wanaamini nini kuhusu binadamu, kuhusu mali, kuhusu serikali, anakutajia tena vile vitu vinne. Sasa mwongozo huu ni wa yule anayetaka kulisoma kama hoja, yaani unalisikiliza kama unavyomsikiliza mtu mnabishana naye barazani, hapa unamwambia sawa, pale unamwambia mzee hapo umeruka. Digrii haihitajiki. Unahitaji maandishi yenyewe, peni, na jioni mbili tatu ambazo hujachoka sana.

Najua kuna mtu atanirukia kwamba nchi hii haikuzaliwa na Azimio. Kweli kabisa, uhuru wa Tanganyika ni Desemba 9, 1961, Muungano ni Aprili 26, 1964, na katiba tunayoitumia ni ya 1977. Ila nenda kazisome hati hizo zote. Hati za Muungano kazi yake kubwa ni kupanga nani atashika nini, ile orodha ya mambo 11 ya Muungano na taratibu zake. Hazikai chini kukueleza sisi ni watu wa namna gani na tunadaiana nini. Anayefanya hiyo kazi ni Azimio, na ndo maana hata lilipokufa kiutendaji bado watu wanaligombania.

Haya, tuanze. Tafuta maandishi yenyewe, achana na notisi za tuition na video za dakika tano. Ni kijitabu kifupi tu, ukikazana unakimaliza kwa kikao kimoja, na kimeandikwa kwa Kiswahili cha mtu anayeongea na wakulima kwa hiyo kisingizio cha lugha ngumu hakipo. Kina sehemu tano: Imani ya TANU, Siasa ya Ujamaa, Siasa ya Kujitegemea, Uanachama, halafu maazimio yenyewe ambamo ndo mna yale masharti ya viongozi. Wengi wanairuka sehemu ya kwanza wanakimbilia ya tatu kwa sababu ndo ina yale maneno ya kusisimua, tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, tumepuuzwa kiasi cha kutosha. Mi nakushauri fanya kinyume. Falsafa karibu yote imebanwa kwenye ile sehemu ya kwanza, kurasa chache tu, huko mbele ni kuifafanua.

Kabla hujafungua, andika tarehe pembeni ya daftari. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha Januari 26 hadi 29, 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Halafu juu ya hizo tarehe andika yaliyotangulia. Januari 1964 wanajeshi waliasi, serikali ikayumba kweli. 1965 Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wa kijeshi kisa Ujerumani Mashariki kuruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar, Mwalimu (Julius Nyerere, Rais wa wakati ule) akawaambia basi ondokeni na misaada yenu iliyobaki. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi Wazungu walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaishia hewani. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, mamia wakatimuliwa, na Mwalimu kwa hasira zile akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Ukiwa na orodha hiyo mezani utaona kwamba haya mawazo hayakudondoka tu, kujitegemea ni jibu kwa mikopo iliyokatika na masharti ya viongozi ni jibu kwa wasomi waliokuwa wanadai stahili. Lakini usiishie hapo, maana kusema "aah ilikuwa siasa tu ya wakati ule" nao ni uvivu. Mtu akikatiwa mkopo hapa anaweza kwenda kuomba pale, wala hana haja ya kuanza kuongelea usawa wa binadamu. Hawa kwa nini waliona lazima waanzie kwenye binadamu? Swali hilo libebe mpaka mwisho.

Sasa fungua Imani ya TANU na kitu cha kwanza angalia mjengo wake, maneno yaache kidogo. Inaanza kwa kusema kwa kuwa TANU inaamini hivi na hivi, zinafuata imani tisa, (a) mpaka (i), halafu ndo yanakuja madhumuni. Yaani ni kwa kuwa, kwa hiyo. Huo ni mjengo wa hoja, na hoja inasomwa kwa kuuliza je, nikikubali hizi za juu nalazimika kukubali zile za chini? Weka alama kila unapoona umesukumwa kidogo.

Na hilo neno inaamini lenyewe usilipite haraka. Wamarekani mwaka 1776 walipojitangazia uhuru walisema kweli zao ziko wazi zenyewe, hazihitaji kuthibitishwa, na wakamtaja Muumba kama ndiye aliyewapa haki. TANU kwenye zile imani tisa hawamtaji Mungu na hawadai kwamba kila mwenye akili lazima aone wanachoona wao, wanasema sisi tunaamini. Kwa nchi yenye Waislamu, Wakristo na wenye dini za jadi nadhani ilikuwa busara kubwa, maana ukianza na Muumba tu wa kwanza atakuuliza wa nani. Ila kuna bei yake. Imani ya chama anayo mwanachama, na Azimio lenyewe kwenye sehemu ya nne linasema asiyeikubali bora asiingie TANU, chama kiangalie ubora wa wanachama na sio wingi. Sawa kwa chama. Shida ni kwamba tangu 1965 bara kulikuwa na chama kimoja tu kisheria, na katiba ya TANU ilishaambatanishwa kwenye katiba ya muda ya nchi, sasa yule asiyeamini akae wapi? Azimio halijibu. Hapo weka alama yako ya kwanza.

Baada ya hapo chukua kalamu za rangi ugawe zile tisa. Mi huwa nazigawa mafungu matatu: (a) na (b) ni utu, kwamba binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. (c) mpaka (f) ni haki za mtu mmoja mmoja, kushiriki serikali, kusema, kwenda atakako, kuabudu, kulindiwa maisha na mali, kulipwa haki kwa kazi yake. (g) mpaka (i) ni mali ya pamoja na kazi ya serikali kwenye uchumi. Mtu mwingine anaweza kugawa tofauti, hakuna shida, cha msingi uone kwamba hawa watu hawakuwa wanaongea lugha moja ya falsafa muda wote. Fungu la pili ukimpelekea mliberali (mtu anayeweka uhuru wa mtu binafsi mbele) wa London wa karne ya 19 anasaini bila kusoma mara mbili. Fungu la tatu ukimpelekea huyohuyo anakuita mlinzi akutoe.

Zimetoka wapi hizi? Kuna mtego hapa, kwamba kila ukiona wazo unakimbilia kusema hili ni la fulani wa Ulaya, as if wazee wa TANU walikuwa wananakili. Ila pia usijifanye hawakusoma. Nyerere alisoma Makerere, halafu Edinburgh kuanzia 1949 mpaka 1952, na kule alichukua uchumi wa siasa, historia, sheria ya katiba, anthropolojia ya jamii na falsafa ya maadili. Na hata kabla ya Ulaya, akiwa Makerere, aliandika insha akichukua hoja za John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 19, kuhusu wanawake kukandamizwa akazipima kwenye jamii ya kwao ya Wazanaki. Kijana wa Butiama, miaka ya 40. Hii insha ikumbuke tutairudia. Juu ya hapo alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kweli, na mafundisho ya Kanisa kuhusu haki ya mfanyakazi yalikuwepo tangu barua ya Papa Leo XIII ya 1891, kwa hiyo ukikutana na malipo ya haki kwenye (f) usikimbilie kwa Karl Marx, yule Mjerumani wa ukomunisti, peke yake.

Sasa chukua (d), ile ya uhuru wa kusema na kukutana, ukaiweke pembeni ya Mill. Mill anasema kinachoweza kuzuia uhuru wako ni pale unapomdhuru mwenzio. Azimio mpaka wake ni sheria, yaani uko huru ilimradi huvunji sheria. Kwa macho ya haraka haraka ni kitu kimoja, lakini kaa nayo kidogo. Sheria inatungwa na aliye madarakani. Mwaka 1962 tulishakuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani, na kwa kipimo cha (d) ilivyoandikwa mtu akiwekwa ndani kwa sheria ile hakuna imani ya TANU iliyovunjwa. Kwa kipimo cha Mill ingebidi uonyeshe amemdhuru nani. Hili ndo zoezi lenyewe wakuu, unachukua kifungu kimoja, unatafuta ndugu yake wa karibu, unaangalia wanaachana wapi, na pale wanapoachana ndo unamuona mwandishi.

Fungu la tatu ndo lenye asili ya hapahapa zaidi na ndo ningependa utumie jioni nzima. Anza na (g), kwamba raia wote kwa pamoja wanamiliki utajiri wa asili wa nchi, na wanao kama dhamana kwa ajili ya vizazi vyao. Hii ina historia. Mwaka 1958, kabla ya uhuru, serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuruhusu watu kumiliki ardhi moja kwa moja, unanunua inakuwa yako milele unauza unavyotaka, na Nyerere akaandika kijitabu kuupinga. Hoja yake kwa kifupi: ardhi hakuna aliyeitengeneza. Mungu katoa bure. Mimi nikifyeka pori nikalima, jasho langu linanipa haki juu ya kile nilichokizalisha na haki ya kuitumia ile sehemu maadam naitumia, lakini ardhi yenyewe siwezi kusema niliizalisha.

Weka hiyo mbele ya John Locke, yule Mwingereza wa karne ya 17 ambaye Wamarekani walimtegemea sana. Locke naye anaanza palepale, kwamba dunia Mungu kawapa watu wote, na jasho ndo linaloleta haki. Halafu anaruka: ukichanganya jasho lako na ardhi, ardhi inakuwa yako. Nyerere anakataa ile hatua ya mwisho tu. Msingi mmoja, jasho lilelile, na mwisho mmoja katoka na shamba lenye hati ya milele na mwingine katoka na haki ya kutumia. Kwangu hii ndo sehemu tamu kuliko zote kwenye falsafa ya Azimio, na nasema wazi Nyerere hapa anamshinda Locke, kwa sababu Locke hakuwahi kueleza vizuri kwa nini kulima nyanya kwenye kipande cha ardhi kukupe wewe na wajukuu wako na yule utakayemuuzia umiliki wa udongo wenyewe.

Lakini kushinda hoja ya kwanza hakumalizi kazi. Dhamana inahitaji mdhamini, je ni nani? Sheria za ardhi za 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya raia wote, yaani (g) imo mpaka leo kwenye sheria zetu, watu wa migogoro ya ardhi wanaijua vizuri kuliko wanafalsafa. Na mdhamini akikosea unamshtaki kwa nani? Ukitaka kujua Azimio lingejibu nini shuka mpaka (i).

Kwenye (i) kuna maneno machache ambayo mtu anayesoma mbiombio hayaoni. Kifungu kinasema ni wajibu wa serikali kuingilia kati maisha ya uchumi ili raia wote wastawi, mtu asimnyonye mtu na utajiri usirundikane kwa wachache mpaka usawa ukafa. Ila katikati, kama mabano tu, kinaeleza serikali ni nini: ni watu wenyewe. Pigia mstari. Mara mbili kama peni inaruhusu.

Wazo hili lina babu Geneva, mwanafalsafa Rousseau, kitabu chake cha 1762, ambaye alisema watu wakiungana kuwa mwili mmoja kunakuwa na matakwa ya wote, na anayekataa kuyafuata atalazimishwa kuwa huru. Sitaki kusema TANU walimnakili Rousseau. Nachosema ni kwamba ukishaamini serikali ni watu wenyewe basi swali la nani ataizuia serikali linakosa maana, maana watu watajizuiaje wenyewe? Ndo maana Azimio zima utatafuta kifungu cha kuyagawa madaraka hukipati. Sasa angalia kilichofuata. Septemba 1967 ukatoka waraka wa vijiji vya ujamaa na ulisema wazi watu waingie kwa hiari. Novemba 1973 ikatoka amri kila mtu wa kijijini awe ndani ya kijiji ifikapo mwisho wa 1976, na mamilioni wakahamishwa, wengine kwa malori na nyumba kubomolewa. Azimio halikuagiza hivyo popote, mtu akikwambia limeagiza mwambie akuonyeshe ukurasa. Ila daraja la kutoka hiari hadi lori lilikuwa limeshajengwa na yale maneno machache, serikali ambayo ni watu wenyewe haiwezi kuwalazimisha watu, inawakumbusha tu wanachotaka.

Kuna namna ya pili ya kuyasoma na itakuwa dhambi nisipoitaja. Unaweza kuyasoma kama sharti, kwamba serikali inatakiwa iwe watu wenyewe, isipokuwa hivyo imepoteza haki ya kuingilia chochote. Mwongozo wa TANU wa 1971 unaenda njia hiyo, kifungu cha 15 kinakataza kiongozi kuwa na majivuno, uonevu na kuwadharau anaowaongoza, na wafanyakazi viwandani walikishika kweli kweli, kuna mahali waliwafungia mameneja nje ya geti. Mwisho serikali ikawazima. Kwa hiyo ukisoma (i) andika namna zote mbili pembeni, na jiulize ni ipi iliyoshinda na kwa nini.

Sehemu ya pili, Siasa ya Ujamaa, itakuletea Marx mlangoni. Unyonyaji, wakulima na wafanyakazi, njia kuu za uchumi kuwa mikononi mwa umma, mabepari na makabaila. Siku iliyofuata kutangazwa, Februari 6, mabenki yakataifishwa, na ndo NBC (Benki ya Taifa ya Biashara) ikazaliwa. Ukisoma tu hapo unasema huyu ni Marx amevaa kaunda suti. Subiri. Marx anahitaji vita ya matabaka, na Nyerere tangu kijitabu chake cha 1962 aliikataa, akasema ujamaa wetu umesimama juu ya ukoo, ambapo kila mtu ni mfanyakazi na akatumia methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mbishie mwenyewe. Jamii zetu za zamani hazikuwa pepo, Buhaya kulikuwa na nyarubanja ambapo mtu analima anampelekea mwenye shamba, pwani kulikuwa na watumwa kwenye mashamba, na Azimio lenyewe linapopiga vita ukabaila linakiri kwamba ukabaila upo. Kwa hiyo ule ukoo wa 1962 uusome kama lengo lililovalishwa nguo za historia.

Halafu ukiwa sehemu ya tatu kuna mahali Azimio linamwacha Marx kabisa na linafanya kitu ambacho sijaona kimefanywa vizuri hivyo na chama tawala kingine. Linasema unaweza kuwagawa watu wa nchi hii mabepari na makabaila upande mmoja, wakulima na wafanyakazi upande wa pili, lakini pia unaweza kuwagawa wa mjini na wa kijijini, na tusipoangalia unyonyaji halisi wa Tanzania utakuwa wa watu wa mjini kuwanyonya wakulima. Hoja yake inafuata pesa: tunakopa nje tunajenga hospitali kubwa mjini, barabara za lami mjini, halafu mkopo unalipwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zinatoka kwenye pamba na kahawa ya mkulima ambaye hospitali hiyo hataiona. Soma aya hizo taratibu. Mfanyakazi wa mjini ambaye kwa Marx ndiye mkombozi, hapa anaambiwa na wewe jichunguze.

Na aya chache mbele kuna wanawake. Azimio linahesabu masaa: mfanyakazi wa mshahara anafanya kazi kama saa 45 kwa wiki, wanaume wengi vijijini hawafikishi hata nusu yake, wanawake wa vijijini saa 12 mpaka 14 kwa siku, mpaka Jumapili na sikukuu. Nguvu za mamilioni ya wanaume wa vijijini na maelfu ya wanawake wa mjini, linasema, zinapotea kwenye umbea, ngoma na pombe. Ile insha ya Makerere unaiona hapo? Ila fuata hoja mpaka mwisho na utakuta imekatika. Limeshasema mtu kumnyonya mtu ni marufuku, limeshasema kila mtu apate malipo ya haki ya kazi yake, limeshasema mwanamke wa kijijini anafanya kazi kuliko wote. Hitimisho lilikuwa mlangoni, kwamba kuna unyonyaji ndani ya nyumba. Halikusema. Likaishia kuwaambia wanaume waongeze juhudi.

Kujitegemea kwenyewe sitakaa sana kwa sababu ndo sehemu iliyoelezwa vizuri kuliko zote, huhitaji mwongozo. Wazo kuu ni la sababu na matokeo, kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo na tumekuwa tukiichukulia kama msingi, na msingi ni watu na juhudi zao, juhudi pamoja na maarifa, kutumia jembe kubwa badala ya dogo, plau ya ng'ombe badala ya jembe, mbolea, dawa ya wadudu. Angalia tu jinsi linavyounganika na (a) na (b). Ombaomba wa kudumu hawezi kuwa sawa na anayempa, hivyo nchi inayoomba imeshauza kile ilichosema inaamini. Ukishaiona hiyo kamba utaelewa kwa nini zile sera za mashambani na ile imani kwamba binadamu wote ni sawa ziko kitabu kimoja.

Mwisho soma masharti ya viongozi, na hapa usiyasome kama historia ya chama, yasome kama jibu la swali la zamani kabisa, mtu mwenye madaraka umdhibiti vipi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, na kiongozi maana yake ni yeye na mwenzi wake wa ndoa ili asiandikishe kila kitu jina la mama watoto. Wajanja hao. Nyuma yake kuna dai zito ambalo liko sehemu ya pili, kwamba ujamaa ni imani na haujijengi wenyewe, unajengwa na wanaouamini na kuuishi. Yaani mfumo unategemea tabia ya mtu. Wale waliotunga katiba ya Marekani 1787 walianzia upande mwingine, chukulia kila mwenye madaraka ana tamaa, mpambanishe na mwenye tamaa mwingine. Azimio lilimwangalia kiongozi kwenye mfuko, na kwenye mfuko lilikuwa kali kuliko nchi nyingi leo. Ila mkono wake halikuufunga, madaraka ya kuamua, kuweka ndani, kuhamisha watu, hayana sharti hata moja kwenye ile orodha. Ukichora mstari kutoka hapa kurudi kwenye yale maneno ya (i) utaona ni kasoro moja imetokea sehemu mbili.

Ukimaliza kulisoma hivyo fanya ukaguzi wa kilichobaki. Februari 1991 CCM, chama kilichorithi TANU, ilikaa Zanzibar ikalegeza masharti ya viongozi, hisa ruksa, nyumba za kupangisha ruksa, mishahara zaidi ya mmoja ruksa. Lakini fungua katiba ya sasa: ibara ya 3 bado inaita nchi hii ya kidemokrasia na ya kijamaa, sambamba na vyama vingi, na ibara ya 9 bado inataja Ujamaa na Kujitegemea kama njia ya kujenga taifa la watu sawa na huru. Chukua zile imani tisa, tengeneza jedwali la safu tatu, ya kwanza imani, ya pili iko wapi kwenye katiba au sheria za leo, ya tatu iko wapi kwenye maisha unayoyaona. (g) itajaza safu zote, (f) itakusumbua, (h), ile ya serikali kushika njia kuu za uchumi, utakuta imebaki kwenye karatasi. Kama mnasoma kikundi kila mtu ajaze lake kabla hamjaongea, maana akianza mzee mmoja aliyewahi kuwa TANU wengine wote watanyamaza.